Nyuzi za Kitenge na Jina la Mume Wangu

Siku niliyoelewa habari ya nyuzi, nilipita nyumba yangu mwenyewe. Nilikuwa nimeshuka kwenye basi pale Katuba, mtaa wetu wa Lubumbashi, nikatembea huku nikibishana kimoyomoyo, na nilipoinua macho nilijikuta mbele ya lango la watu nisiowajua. Mwanamke aliyekuwa akiuza makaa hapo aliniuliza natafuta nani. Nilishikwa na kicheko, nikamwambia namtafuta mama katekista. Akanionyesha kwa mkono njia ile ile niliyotoka nayo, akasema, "Anakaaka kule, mama. Ulishamupita."

Mama katekista ni mimi. Nimefundisha katekisimu tangu nikiwa msichana, nikafunzwa na mapadre na masista, na sasa kwa kuwa magoti yananiuma nafundisha nimekaa. Baba yangu alikuwa mtu wa machimbo, mume wangu mtu wa reli, na namshukuru Mungu kwa wote wawili. Haya ninayoyaandika ni ya kipindi kile ambapo mume wangu alikuwa amefariki, na binti yetu, mtoto pekee tuliyebaki naye, alikuwa amerudi kwangu kulea mimba yake ya kwanza. Ekografia, ile picha ya tumbo, ilisema ni mvulana. Kuanzia hapo nilitaka kitu kimoja tu duniani: mtoto achukue jina la mume wangu.

Asiye wa kwetu anaweza kufikiri ni jambo dogo. Kwetu mtoto anayepewa jina la mtu aliyekufa habebi jina tupu. Watu wa nyumba wanamsalimia kama yule wa zamani, wanamheshimu kwa heshima ya yule. Mimi nina jina la bibi mzaa baba, na baba yangu, mtu mzima mwenye ndevu, aliniita "mama" hadi siku aliyokufa. Nikikataa kula, alikuwa akisema mbele ya wageni kwamba mama yake amekasirika. Kwa hiyo nilipomwona binti yangu tumbo limejaa, sikumwona mjukuu anakuja. Nilimwona mume wangu yuko njiani, karibu kufika.

Kizuizi kilikuwa kimoja. Mtoto wa kwanza jina lake hutoka upande wa baba, na baba mkwe wa binti yangu hakuwa mtu wa kuchezea. Ni mfanyabiashara, mzaliwa wa hapa wa familia iliyotoka mkoa wa Kasai, msomi, mwenye sauti ya chini ambayo watu huinyamazia. Alikuwa amekwisha kutuma neno kwamba jina analo. Nami nikaanza kuandaa maneno ya kumwomba aniachie, kama ninavyoandaa somo: hoja ya kwanza, ya pili, na mahali pa kulia kidogo.

Ndipo bamama, yaani kina mama, wa parokia waliponituma mjini kuchagua kitenge cha sikukuu. Niliingia duka moja la vitambaa. Nyuma kabisa, kati ya marobota yaliyofika darini, alikaa mama wa mwenye duka, Mhindi wa dini ya Kihindu aliyeletwa Lubumbashi akiwa bibi arusi na ambaye hakuondoka tena. Mwanawe alikuwa na nyumba kubwa mtaa wa Golf, lakini kukaa kule na ukuta na mbwa kulimchosha, akawa anakuja dukani kila asubuhi kusikiliza watu wakibishana bei. Alikuwa mjane kama mimi, na kwa kuwa alinizidi umri nikamwita yaya, kama tunavyomwita dada mkubwa. Yeye alipojua kazi yangu akaniita mama katekista, akaniagizia chai ya tangawizi, na palepale, kabla chai haijapoa, akashika ukingo wa kitenge nilichochagua, cha ndege na maua.

"Hii iko nini?"

Nikamwambia ni kitenge.

"Ile ndege?"

"Iko ndege ya kitenge."

"Natoa nyuzi yote, moja moja. Kitenge inabakia wapi?"

Nikasema hakitabaki. Akatikisa kichwa kwa furaha, akaniuliza je, nikikifumua kitenge, nyuzi zitakuwa zimekwenda wapi. Nikasema hazitakwenda popote, zitakuwapo. Akaniachia kitambaa mikononi na kunywa chai yake, kama mtu aliyekwisha kupokea malipo yake.

Hicho ndicho nilichobeba hadi nikapita nyumba yangu. Ndege na maua havipo bila nyuzi, lakini nyuzi zipo bila ndege na maua. Na ndege si uongo. Nimeshona blauzi nyingi za ndege. Ni kwamba hana chochote chake mwenyewe. Wekundu wake ni uzi uliotiwa rangi, mbawa zake ni uzi, hata mpaka kati yake na ua la jirani ni uzi ule ule.

Nilirudi wiki hiyo hiyo, nikasingizia rangi ya kitenge. Yaya alicheka, akasema rangi haijabadilika ila mimi. Kidogo kidogo, kwa miezi ile ya mimba, akanieleza alichofundishwa na baba yake alipokuwa msichana, kwa Kiswahili chake cha dukani ambacho ni kizuri kuliko cha wanangu wa katekisimu. Kwamba kilichoko kweli ni kimoja, wao wanakiita Brahman, hakina mwanzo wala kipande. Kwamba kile kilicho ndani kabisa ya mtu, chini ya mwili na mawazo, wanakiita Atman. Na kwamba habari nzima, ile ambayo wazee wao waliacha nyumba na mali ili kuielewa, ni hii: hivyo havikuwa viwili hata siku moja. Kinachotufanya tuone vingi ni majina na maumbo, na kutojua kwetu, na kuonekana huko kwa vingi wanakuita maya.

Sikukubali yote, na sijakubali hadi leo. Nilimwambia wazi kwamba katika imani yangu Mungu ni fundi aliyefuma, siyo nyuzi. Akaniuliza fundi alitoa wapi nyuzi. Nikamjibu kwa katekisimu: aliumba bila kutumia chochote. Akanionyesha buibui kwenye pembe ya dari, aliyekuwa akitoa uzi tumboni mwake mwenyewe. Nikamwambia buibui wake anahitaji ufagio. Tulicheka sana, lakini usiku wa Jumamosi hiyo nilisali rozari nikiwa na buibui kichwani, na sikuona kwamba Bikira Maria amechukia.

Jamani, katika umri ule, kupata wazo jipya. Nilidhani yangu yote nimekwisha kuyapokea. Nilikuwa nikiamka mapema kama mtoto wa siku ya komunyo ya kwanza. Bamama wa jumuiya walianza kunitania, wakauliza kama sikukuu ijayo nitakataa nyama ya mbuzi, na mmoja akasema nikianza kuvaa sari wanipige picha. Niliwaacha waseme. Nilikula mbuzi wao na mifupa nikaitafuna.

Asubuhi moja nilikusanya vitu vyote vya shaba, au mukuba kama tunavyosema huku, nikavipanga mezani: msalaba mdogo wa zamani ambao baba yangu alirudi nao kutoka machimboni, bangili yangu, picha iliyogongwa kwa nyundo kwenye bamba, ya wanawake wanaotwanga, na kipande cha waya. Nilitaka kuona kwa macho yangu. Nikasema kwa sauti: toa msalaba, mukuba unabaki. Toa bangili, mukuba unabaki. Binti yangu alitoka chumbani na tumbo lake, akasimama.

"Mama, unauzisha bintu ya nyumba?"

Nikamwomba akae, nikamweleza kwamba vitu hivi vinne ni kitu kimoja chenye majina manne. Aliangalia picha, akaangalia waya, akasema kama ni kitu kimoja basi mimi nivae waya kanisani na yeye abaki na bangili. Nilipomsimulia yaya, alipiga makofi mara nyingi. Akasema kwao husema habari hiyo kwa dhahabu, lakini kwa mtu wa Lubumbashi mukuba ni bora, na kwamba binti yangu naye ana akili: ukweli ni mmoja, ila kazini bangili ni bangili na waya ni waya, na mwenye hekima havichanganyi.

Jambo lililonitikisa zaidi lilitokea wakati wa kiangazi, vumbi jekundu likiwa hewani na jua kama limefunikwa. Binti yangu alikuwa ametoa sandukuni koti la kazi la mume wangu, lile la bluu la reli, akalianika uani lipate hewa. Mimi sikujua. Nilitoka jikoni na sahani ya unga, nikamwona mume wangu amesimama pale, mabega yake, kichwa kimeinama kidogo kama alivyokuwa akikagua mahindi. Nilimwita. Nilimwita kwa jina, kwa sauti ya mke anayeuliza mbona umechelewa. Nikamwendea kwa furaha, sahani mkononi. Kisha upepo ukalipindua koti, nikaona kamba.

Nilimweleza yaya bila kulia. Alinisikiliza, akauliza maswali yake kama fundi anayepima. Kulikuwa na mtu pale? Hapakuwa. Furaha ilikuwa ya kweli? Ya kweli kabisa. Koti lilikuwapo kabla sijaona mtu, na wakati naona mtu, na baada ya mtu kutoweka? Lilikuwapo. Akasema ndivyo tunavyoishi sisi sote: tunaweka juu ya kile kilichopo kitu tunachokitamani au tunachokiogopa, kisha tunakiita kwa jina. Koti halikunidanganya. Halikusema neno.

Hapo nikaona nimeshika mkia wa jambo. Nilimwambia kwa haraka, maneno yakigongana, kwamba sasa nimeelewa kila kitu, na kwamba sisi kwetu tulikuwa tunakijua tangu zamani. Si ndiyo habari ya jina? Mume wangu anakuja tena katika mtoto. Wawili kwa macho, mmoja kwa kweli. Kumbe wazee wake na wazee wangu walikuwa wakisema neno moja. Nilisema kwamba nitamwambia hivyo hivyo baba mkwe, na hakuna msomi atakayenipinga.

Yaya aliweka kikombe chini. Hakucheka.

"Mama katekista, hapana. Weye unataka arudie. Miye nasema hakuendaka."

Nikamuuliza maana yake ni nini, kwa maana mimi ndiye niliyemfunga kidevu alipokata roho.

Akasema niliyemzika ni mwili wenye jina, na mwili wenye jina hauwezi kurudi, hata katika mtoto. Mtoto atakuwa na kikohozi chake mwenyewe na hasira zake mwenyewe. Nikimvika jina la mtu nikitegemea kumwona yule, nitakuwa naanika koti jingine kwenye kamba. Lakini kile kilichokuwa kikimwangazia mume wangu, kile ambacho kwacho aliona na kusikia na kunipenda, kiende wapi? Hakina mahali pa kwenda. Kisha akaniuliza swali nisilotarajia.

"Wakati unalala sana, bila ndoto, uko katekista?"

"Hapana."

"Uko mujane?"

Nikafikiri. "Hapana."

"Magoti inakuumaka?"

"Hapana, yaya."

"Na asubuhi unasema, nililala muzuri. Nani alijua kama ilikuwa muzuri?"

Jibu la swali hilo hadi leo ninalo nusu tu. Nilirudi nyumbani, nikalala mchana makusudi nimkamate huyo anayejua. Sikumkamata, nililala hadi binti yangu akaniamsha kwa hofu. Lakini nilipoketi kitandani nilihisi jambo la ajabu. Kwa kitambo kidogo kabla ya kukumbuka jina langu, na ujane, na jina ninalolipigania, nilikuwa nipo tu, na nilikuwa mzima, sikupungukiwa na kitu. Kisha yote yakarudi, moja baada ya jingine, kama nguo ninazovaa. Mimi mkristo nasema ni Mungu aliyenishika wakati sijishiki. Yaya anataja jina jingine. Kitambo kile chenyewe hatukibishanii.

Hata hivyo sikuacha hoja zangu. Mtoto alipozaliwa, mzima, analia kwa nguvu, nilizirudia zote nikimwogesha. Baba mkwe alikuja alasiri na mwanawe, mume wa binti yangu, wakileta kreti ya bia na munkoyo, kinywaji cha unga wa mahindi, ndani ya dumu kwa sisi tusiokunywa bia. Tuliketi sebuleni. Alimchukua mtoto, akamwangalia muda mrefu, akanirudishia. Nikasafisha koo ili nianze na hoja ya kwanza. Akanitangulia, kwa sauti yake ile ya chini.

Alisema anajua ninachotaka, binti yangu amemwambia mwanawe. Alisema angependa nijue kwanza jina ni la nani. Ni la baba yake, aliyezaliwa hapa hapa Lubumbashi, hakujua mji mwingine. Miaka ile watu wa Kasai walipofukuzwa huku kwa sababu ya kabila lao, walikaa stesheni na mizigo yao wakingoja treni, na mzee yule hakufika kwenye treni.

"Mama, papa alibakia pa stesheni," alisema. "Ata kumuzika muzuri hatukumuzika. Nataka jina yake irudie mu hii muji."

Mume wangu alikuwa kazini reli miaka ile. Jioni alikuwa akirudi na koti lile la bluu, anakaa kitini, bukari, ugali wetu, inapoa mbele yake, hasemi. Nilimuuliza mara nyingi, kisha nikaacha kumuuliza. Hadi siku hiyo sikujua alikuwa amekaa na nani moyoni mwake jioni zile.

Nilimtazama mtoto. Alikuwa ameamka, anatazama dirisha bila kutazama kitu chochote, kama wanavyofanya wachanga, macho wazi na bado hajui kwamba yeye ni mtu fulani. Nikasubiri hoja zangu zije. Hazikuja. Kilichokuja ni kitenge, na nyuzi, na nikaona kwa mara ya kwanza siyo kwa akili bali kama mtu anavyoona meza iliyoko mbele yake, kwamba nilikuwa nagombania ua na ndege ni vya nani, ilhali uzi ulikuwa ukipita kwa mume wangu, kwa mzee wa stesheni, kwa huyu baba aliyekaa mikono magotini, bila kuuliza kabila. Ilikuwa furaha ile ile ya siku ya kamba, ila safari hii upepo haukugeuza kitu.

Mzee wa nyumba ndiye anayelitaja jina, na mzee wa nyumba ni mimi. Nikasimama na magoti yangu. Nikamwinua mtoto kuelekea dirishani, nikatia ishara ya msalaba kwenye paji lake, nikalitaja jina la mzee wa stesheni kwa sauti yote niliyokuwa nayo, hadi jirani akaitikia kutoka nje. Baba mkwe alifunika uso. Mwanawe hakujua aangalie wapi. Binti yangu alikuwa ananitazama mimi tu.

Baada ya muda baba mkwe alijifuta, akanywa, akarudia sauti yake ya kawaida.

"Na weye, mama? Utamwitaka nani?"

Hapo ndipo nilipoona kichekesho chote. Kwetu bibi mzaa mama na mjukuu wake wa kiume hutaniana. Tangu zamani bibi humwita "bwana yangu", yaani mume wangu, awe na jina lolote, hata awe na jina la mtume. Miezi yote ile nilipigania mlango ambao haukuwa na kufuli.

"Bwana yangu," nikasema.

Sebule iliangua kicheko. Baba mkwe akasema bwana mwenyewe hana hata meno, hiyo sombe ya majani ya muhogo nitampikia vipi. Nikamjibu kwamba wa kwanza naye mwishoni hakuwa nayo, na sombe alikula.

Mtoto alipopata nguvu ya kutoka, nilimfunga mgongoni kwa kitenge cha sikukuu, tukaenda mjini. Nilimsimulia yaya yote. Alisikiliza amefumba macho, na nilipofika mahali pa jina akanishika mkono na kuukaza. Kisha akamfunua mtoto uso.

"Huyu njo bwana yako?"

"Njo yeye," nikaitikia kwamba ndiye.

"Na weye na miye hatuko babili."

"Njo vile ulinifundisha."

"Basi iko bwana yangu pia."

"Hapana, yaya," nikasema. "Hapo niko mukatolika. Bibi moja, bwana moja."

Alicheka hadi mwanawe akaacha wateja na kuja kuona kuna nini. Kelele zikamwamsha mtoto, akaanza kulia, na sisi vikongwe tukanyoosha mikono kumbembeleza kwa wakati mmoja.